Tetemeko ambalo Hamugembe hatukulisikia



Kila aliyekuwa Bukoba Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri hivi, anakumbuka alikuwa wapi. Mimi nilikuwa mezani naandika homilia ya kesho yake. Kikombe cha chai kilitembea chenyewe mpaka ukingoni kabla sijaelewa kwa nini kuku wanapiga kelele. Tetemeko lile lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Ndugu zetu zaidi ya kumi na watano walifariki, mamia wakaumia, nyumba kwa maelfu zikapasuka au kuanguka, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Huku Hamugembe tulilala nje, tukiogopa kuta zetu wenyewe.

Sasa nikuulize swali jingine. Alhamisi ya tarehe 17 Agosti 2017, saa tisa na dakika 41 alasiri, ulikuwa wapi? Hukumbuki, wala mimi sikumbuki. Lakini dakika ile Hamugembe nzima ilitikisika tena: kuta zilizokuwa zimepigwa lipu upya, migomba, meza yangu, mifupa yako. Ilitikisika kwa kiasi kidogo kuliko kiini cha atomu, kwa hiyo hata kuku hawakujua. Mitambo mikubwa mitatu ndiyo iliyokuwa imetegwa duniani kusikia mtikisiko wa namna hiyo: miwili ya LIGO huko Marekani, na mmoja uitwao Virgo, karibu na mji wa Pisa nchini Italia.

Kilichopita ni wimbi la mvutano, lile ambalo Einstein alilitabiri kwa kalamu na karatasi miaka mia moja kabla. Mwalimu mmoja wa fizikia, muumini mwenzetu, ndiye aliyenieleza habari hii baada ya Misa, nami nikamwomba anipigie hesabu. Akarudi Jumapili iliyofuata na karatasi. Saa ile, alisema, chanzo cha wimbi kilikuwa juu sana kwenye anga letu, kikiegemea kusini, kimefichwa tu na mwanga wa jua. Mahali kilipokuwa utosini kabisa ni baharini, kati ya Msumbiji na Madagaska. Maana yake wimbi lilipita kwetu kwanza, ndipo likafika Italia, ndipo Marekani. Tofauti ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini tofauti ni tofauti. Wanaotutania Wahaya kwa majivuno watanisamehe, nimelitangaza hilo kwa kila mgeni aliyefika hapa.

Chanzo chenyewe ni galaksi iitwayo NGC 4993. Galaksi ni mkusanyiko wa nyota kwa mabilioni. Yetu ni ile ambayo usiku usio na mwezi huonekana kama maziwa yaliyomwagika kukatiza anga. NGC 4993 iko mbali nje ya hiyo yetu, upande wa kusini, katika kundi la nyota ambalo wazee wa Ulaya waliliita Nyoka wa Maji. Ukitaka kujua ilipo, toka nje katikati ya Juni, saa mbili na nusu usiku, hasa umeme ukiwa umekatika. Utafute Msalaba wa Kusini, kisha upandishe macho taratibu kuelekea utosini. Kabla shingo haijaanza kuuma utakuwa umeipita. Hutaiona. Mwanga wake ni hafifu mara mamia kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho zima linaweza kuiona, na umesafiri miaka takribani milioni 130 kutufikia. Ulipoanza safari, mijusi wakubwa ambao mifupa yao ilichimbwa Tendaguru kule Lindi walikuwa wamekwisha kufa zamani.

Mwaka 1789 William Herschel, mwanamuziki aliyegeuka mtazamaji wa nyota huko Uingereza, aliiona kwa darubini yake kama doa la ukungu. Akaiandika kwenye orodha, akaenda kwenye doa jingine.

Wataalamu wanaiweka katika galaksi zenye umbo la lenzi. Sisi tuliochapwa Kilatini pale seminari ya Rubya tunajua lenzi imetoka wapi: ni lens, yaani dengu. Galaksi za namna hii ni bapa kandokando na zimevimba katikati, kama punje ya dengu ukiitazama ubavuni. Hazina ile mikono mizuri ya kujizungusha unayoiona kwenye picha za kalenda. Mikono ile ndiko nyota changa zinakozaliwa, kwa sababu kuna gesi na vumbi vya kuziumba. Galaksi za dengu zimekwisha kutumia gesi yao au kuipoteza. Nyota zake nyingi ni nzee na nyekundu-nyekundu, na nyota mpya hazizaliwi, au zinazaliwa chache mno. Katika vitabu vya nyota utakuta zinaelezwa kama mtu anavyoelezwa kwenye kikao cha ukoo: zamani alikuwa na nguvu, sasa amekwisha.

Na huko ndiko kishindo kilikotokea.

Katika galaksi hiyo kulikuwa na nyota mbili zilizokufa. Nyota kubwa ikifa huweza kuacha kiini kilichoshindiliwa, chenye uzito unaozidi wa jua letu lakini upana wa kilomita ishirini hivi, kama kutoka Bukoba mjini hadi Kemondo. Nyota hizo huitwa za nyutroni. Hizi mbili zilikuwa zikizungukana gizani kwa muda ambao wataalamu wanaukadiria kuwa mabilioni ya miaka, kila mzunguko zikisogeleana kidogo, bila yeyote kujua. Mitambo ilizisikia sekunde mia moja hivi za mwisho tu. Zikagongana. Sekunde mbili hazijatimia, chombo kilichoko angani kikanasa mmweko wa miale ya gama. Saa kumi na moja hivi baadaye, wanajimu waliokuwa Chile wakielekeza darubini zao kwenye galaksi moja baada ya nyingine wakaona nukta ya mwanga pembeni mwa NGC 4993, mahali ambapo zamani hapakuwa na kitu. Vituo takribani sabini duniani viligeuza darubini zao huko. Nukta ilianza na rangi ya buluu, ikageuka nyekundu ndani ya siku chache, ikafifia.

Mwanga ule uliposomwa ulionyesha kwamba katika vumbi la mgongano ule zimeumbwa elementi nzito, za jamii ya dhahabu na platini, kwa wingi ambao, wakikadiria, unazidi uzito wa dunia yetu mara nyingi. Kwa miaka wanasayansi walikuwa wakibishana dhahabu inatoka wapi. Siku ile walipata mahali pamoja pa kuonyesha kwa kidole.

Nikuombe usinielewe vibaya. Pete yako ya ndoa haikutoka NGC 4993. Dhahabu inayochimbwa kwa majirani zetu Geita ilikuwa ndani ya dunia tangu ilipoumbwa, miaka bilioni nne na nusu iliyopita. Lakini inaelekea sehemu yake kubwa ilizaliwa kwa migongano ya namna hiyo, ya nyota zilizokwisha kufa, ambazo hakuna aliyekuwapo kuziona. Tangu niliposikia hayo, siinui tena kalisi yenye dhahabu ndani yake kama nilivyokuwa nikiinua.

Najua kuna msomaji anayeuliza nyota na Injili wapi na wapi. Ningeweza kumjibu kwa kumtaja Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji, ambaye ndiye aliyeeleza kwa hesabu, mwaka 1927, kwamba ulimwengu unapanuka. Lakini leo sina nia ya kutetea sayansi wala imani. Nataka kuungama jambo.

Miaka michache kabla ya tetemeko, nilimwondoa bibi mmoja kwenye uenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo. Amenipa ruhusa kuandika, kwa sharti nisimtaje. Alikuwa ameongoza jumuiya ile miaka mingi. Hakuwa na simu ya kisasa, wakati sisi tulikuwa tumeamua matangazo yote yapitie kwenye kundi la WhatsApp. Alikuwa anachelewa vikao kwa sababu ya magoti. Nilimwambia kwa upole, na upole wenyewe ndio unaoniuma: "Bibi, umefanya kazi kubwa, sasa upumzike." Akasema, "Sawa, Padri," akanikabidhi daftari na ufunguo wa kabati. Nikaenda kwenye kazi nyingine, kama Herschel na madoa yake.

Baada ya tetemeko tulihitaji kujua nani yuko wapi: nani nyumba yake imeanguka, nani mgonjwa, nani hawezi kutoka kitandani. Viongozi wapya walileta orodha nzuri sana, iliyopigwa chapa, ya watu wote waliokuwa kwenye kundi la simu. Wasiokuwa na simu hawakuwamo. Tulikuwa tumesimama uwanjani tukisoma orodha hiyo, bibi akaja na mkongojo wake, akasikiliza mpaka mwisho, akaanza kutaja. Nyumba baada ya nyumba. Kipofu wa kule bondeni. Mama aliyepooza upande wa kushoto. Wazee wawili Walutheri. Mzee Mwislamu anayeishi peke yake nyuma ya duka. Kumbe kila Alhamisi mchana alikuwa anazunguka kwa wagonjwa kwa miguu, na hakuwahi kuacha hata baada ya mimi kumpumzisha. Hakuna aliyemtuma. Sikuwahi kumuuliza anafanya nini, kwa sababu nilishaamua kwamba hafanyi kitu.

Siku wimbi lile lilipopita juu ya Hamugembe, tarehe 17 Agosti 2017, ilikuwa Alhamisi. Saa tisa na dakika 41 alasiri. Sina ushahidi, lakini kama magoti yalimruhusu, najua alikuwa njiani.

Watu wa Kagera hatupaswi kuhitaji galaksi kutufundisha jambo hili. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wetu. Nilikuwa bado kijana. Miaka iliyofuata, kila likizo nilipotoka seminarini nilikuta makaburi mapya kwenye vibanja vya majirani, na makaburi yale yalikuwa ya watu wa umri wa kuzaa. Waliobaki walikuwa wazee na watoto. Mabibi waliodhani wamemaliza kulea walianza upya, wakiwa na miaka sitini, sabini: kuchota maji, kutafuta ada, kuamka usiku kwa mtoto mwenye homa. Wahandisi, walimu, wauguzi na, ndiyo, mapadri kadhaa wa mkoa huu walilelewa na mikono iliyokuwa imekwisha kuhesabiwa kuwa haina kazi. Bibi yangu wa Alhamisi alizika watoto wake wawili akalea wajukuu sita.

Mmoja wa wajukuu hao ndiye aliyeniletea shauri ambalo limenifanya niandike leo. Alitoka Dar es Salaam na mnunuzi. Hamugembe imekuwa mji; kiwanja ambacho zamani kilikuwa migomba na kahawa sasa ni fedha nyingi. Mpango ulikuwa kibanja kiuzwe, bibi ahamie Dar, akae kwenye chumba cha uani. Bibi alikataa. Watoto wake wamelala pale, chini ya migomba. Kijana akaja kwangu: "Padri, anakusikiliza wewe. Zungumza naye."

Sitamchafua kijana huyu. Si mhuni. Ana deni, ana watoto watatu shuleni, na anasema kweli kwamba bibi akianguka usiku hakuna wa kumwinua. Na msomaji asifikiri naona kila mzee kuwa malaika. Wapo wazee wakorofi, na baadhi wananiandikia barua. Nilikaa na kijana jioni nzima, na nakiri kwamba kwa muda nilikuwa upande wake. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kitu kilichonirudisha ni neno moja alilolitumia. Alisema, "Padri, pale hamna tena kinachozalishwa."

Nilikumbuka dengu. Sura ya 25 ya kitabu cha Mwanzo inatueleza namna Esau alivyotoka porini na njaa akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Tumezoea kumcheka Esau kwa ulafi. Lakini soma tena: njaa yake ilikuwa ya kweli. Kosa lake ni kwamba aliutazama urithi wake akauona hauna faida kwa wakati ule, na kitu kisicho na faida kwa wakati ule akakiona si kitu.

Hapa lazima nijikamate mwenyewe, maana mahubiri rahisi yananiita. Ningeweza kusema: mheshimuni mzee, huenda ndani yake kuna dhahabu. Hapana. Huko ni kurudia hesabu ya yule kijana kwa mlango wa nyuma. Tangu Herschel aione mwaka 1789 hadi mwaka 2017 ni miaka 228, na katika miaka hiyo yote NGC 4993 haikutupa kitu. Kama zile nyota mbili zisingegongana, ingebaki doa la ukungu kwenye orodha. Je, ingekuwa imepungukiwa chochote mbele ya Muumba wake? Mungu anaita kila nyota kwa jina, Zaburi inasema hivyo, na haisemi kwamba anaanza na zinazozalisha. Ana binti Fanueli alikaa hekaluni kwa miaka kwa miaka kabla mtoto Yesu hajaletwa. Luka anatupa umri wake, miaka 84. (Umri wa Simeoni hatupi, mvi zake ni za wachoraji.) Miaka yote kabla ya siku ile, Ana alikuwa bibi kizee anayesali pembeni, na ninashuku kulikuwa na kuhani aliyekuwa anampita kila asubuhi bila kumsalimu.

Kwa hiyo nilimjibu kijana kwamba sitazungumza na bibi yake. Nilimwambia nitazungumza na wewe. Tukatafuta njia nyingine, ndefu na yenye usumbufu: binti wa jirani analala kwa bibi usiku kwa malipo kidogo ambayo wajukuu wanachangiana, na sehemu ya mbele ya kiwanja, isiyo na makaburi, inakodishwa kwa fremu za duka, kwa idhini ya bibi mwenyewe. Deni halijaisha. Kijana hajafurahi sana nami. Mnunuzi amepata kiwanja kwingine.

Kwetu sisi mapadri na halmashauri za walei, nina neno fupi zaidi. Papa Fransisko mwaka 2021 aliweka Jumapili ya nne ya Julai kuwa siku ya mababu, mabibi na wazee. Tunaiadhimisha: tunawaweka viti vya mbele, tunawapigia makofi, tunawapa sabuni na sukari. Kisha Agosti tunafanya uchaguzi wa viongozi tukitafuta wenye simu. Mwaka huu, kabla ya sukari, nendeni nyumbani kwao mkawaulize wanafanya nini siku za Alhamisi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa bibi jioni nikamweleza habari ya galaksi. Alikuwa anachambua kahawa kwenye ungo. Nilimweleza kwa Kihaya, kwa shida, maana lugha ya mama haina maneno ya nyutroni. Nikasema ni nyota mbili zilizokuwa zimezimika, zikazungukana gizani miaka isiyohesabika, hakuna aliyeziona, mpaka siku zilipogongana zikatoa dhahabu. Nilimwonyesha na upande wa anga, juu ya paa la jirani. Alitazama kidogo, kwa heshima, kwa ajili yangu.

Nilitegemea aulize kuhusu dhahabu. Aliuliza, "Zilikuwa mbili muda wote huo?"

Nikasema ndiyo, mbili.

"Basi," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.